KOMPYUTA YA KWANZA NYUMBANI: YENYE JINA AU YA KUUNDWA NA FUNDI?

Maneno haya yalisomwa na Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani au wenye wagonjwa siku ile. Aliyekwisha kusoma amsomee na mwenzake.

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana,

Tangu malipo ya pili ya kahawa yatoke, Kamati ya Mikopo imepokea maombi 11 ya kukopa fedha za kununua kompyuta ya nyumbani. Jambo hili ni geni kwetu. Tumezoea maombi ya mabati, ya ada ya shule, na ya ng'ombe wa maziwa. Katika maombi hayo 11, wenzetu 6 wanataka kompyuta yenye jina, na wenzetu 5 wanataka ya kuundwa na fundi mjini. Mkutano uliopita mabishano yalikuwa makali hata Mwenyekiti akagonga meza. Wa jina waliwaambia wenzao kwamba wanataka kununua makorokoro. Wa fundi wakajibu kwamba wenzao wanalipia maandishi ya kwenye boksi. Basi tukapewa kazi ya kulitazama jambo hili na kuleta majibu. Majibu yenyewe ndiyo haya.

Kabla ya kuendelea, tuseme kwanza kosa letu. Mwaka jana mama mmoja mwanachama alipewa mkopo wa kumnunulia bintiye kompyuta. Aliongeza na fedha za ndama aliyemuuza. Kamati ya Mikopo ilipitisha fomu yake bila kuuliza hata swali moja juu ya kitu chenyewe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua swali la kuuliza. Alikwenda mjini, akauziwa kompyuta ya mezani iliyoundwa na fundi. Aliambiwa ni mpya, ina ramu 16 na diski kubwa. Risiti hakupewa. Mwezi wa tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikatoa moshi. Ilipofunguliwa, ndani ilikuwa na ramu 4, diski iliyochoka, na kile kipande cha umeme kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Mama yetu huyu bado analipa mkopo wa kitu kilicholala chini ya kitanda. Ameturuhusu tulisimulie hili bila kumtaja jina, ili mwingine asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Sasa tuelewane maneno. Kompyuta yenye jina ni ile iliyokamilishwa kiwandani chini ya kampuni moja, kama vile Dell, HP au Lenovo. Ya kuundwa ni ile ambayo fundi ananunua vipande kimoja kimoja na kuviunganisha. Kuna kasha. Kuna ubao mkuu, ambao mafundi wanauita mazabodi. Kuna prosesa, ndiyo inayopiga hesabu. Kuna ramu, ndiyo kumbukumbu ya kazi inayofanyika sasa hivi. Kuna diski ya kutunzia mafaili. Na kuna pawa saplai, inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe mdogo wa kuifaa mashine. Hivyo ndivyo vipande vikuu. Jambo jingine la kuelewa ni kwamba fundi wetu anaunda ya mezani tu. Ile ya kupakata, ambayo vijana wanaiita laptopu, haiungwi kwa vipande vya dukani. Mwenye kuitaka hiyo amekwisha kuchagua yenye jina, wala hana haja ya kubishana.

Wapo waliosema kwamba kompyuta ya kuundwa ni bandia. Hapana, ndugu zetu, hili si kweli. Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake ndogo, prosesa yake ilitoka Intel, na programu ya kuiendesha ilitoka Microsoft. IBM wakachapa na kitabu cha kueleza jinsi ilivyoungwa. Makampuni mengine yakajifunza humo. Compaq wakatangaza ya kwao mwaka 1982. Mwaka 1984 kijana mmoja, Michael Dell, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, alianza kuziongezea nguvu kompyuta na kuziuza akiwa chumbani kwake bwenini. Leo jina lake ndilo lililoandikwa kwenye boksi ambalo baadhi yetu wanaliamini kama hirizi! Hata sasa kampuni yenye jina inanunua prosesa kwa Intel au AMD, na ramu na diski kwa wengine. Kwa hiyo zote mbili ni za kuungwa. Tofauti ni nani ameziunga, nani amezijaribu, na nani atasimama mbele yako zikiharibika.

Wapo pia waliosema kwamba yenye jina haina matatizo ya vipuri. Hili nalo si kweli. Mwaka 1995 Intel walitoa kipimo kinachoitwa ATX, kinachoeleza matundu ya skrubu ya ubao yakae wapi na plagi ya umeme wake iweje. Ndiyo maana ubao wa kiwanda kimoja unaingia kwenye kasha la kiwanda kingine, kama vile tairi la baiskeli la 28 linavyoingia kwenye rimu ya 28 bila kuuliza nani kalitengeneza. Kompyuta ya fundi kwa kawaida inafuata kipimo hicho. Lakini baadhi ya kompyuta zenye jina, hasa zile nyembamba za ofisini, zina pawa saplai na ubao wa umbo lao wenyewe. Ikiungua pawa saplai, ya kawaida haiingii. Ni lazima utafute ya aina ileile, na huenda ukaambiwa usubiri ya kutoka Dar es Salaam.

Tulitembelea nyumba tatu zenye kompyuta hapa kwetu na katika kijiji cha jirani. Tuwaeleze tulivyoona.

Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu. Alinunua ya kupakata, yenye jina, mpya, na dhamana ya mwaka mmoja. Mwaka ule wa kwanza hakuwa na shida hata kidogo. Mwaka wa pili ramu ikawa haitoshi. Akaenda kuongeza, akaambiwa kwamba katika aina ile nyembamba ramu imegandishwa kwenye ubao, haiongezwi. Mashine ni nzima mpaka leo, ila inakwenda kwa mwendo wa kinyonga, na yeye amekwisha kuzoea.

Nyumba ya pili ni ya kijana anayepiga picha za harusi. Yake imeundwa na fundi wa senta. Alikaa na fundi jioni nzima wakaandika kila kipande: prosesa gani, ramu kiasi gani, diski ipi, pawa saplai ya wati ngapi. Kazi ya kukata video ni nzito, na fedha yake aliiweka pale kazi ilipo. Ina miaka mitatu. Mwaka jana aliongeza ramu kwa kufungua skrubu mbili tu. Huyu anajua anachokitaka, na fundi wake anakaa mwendo wa nusu saa kwa mguu. Msisahau mambo hayo mawili.

Nyumba ya tatu ni ya mama muuza duka. Alinunua ya mezani yenye jina, kasha kubwa la kawaida, iliyokwisha kutumika ofisini. Kabla ya kulipa alikwenda na yule yule fundi wa senta, akaifungua dukani mbele ya muuzaji. Masika yaliyopita pawa saplai iliungua. Kwa kuwa ilikuwa ya kipimo cha kawaida, fundi alileta nyingine, na siku ya pili watoto walikuwa wanaandika kama kawaida.

Mnaona basi, ndugu zetu? Aliyeunguliwa na umeme tunaye wa fundi, na tunaye wa jina. Kilichomwokoa mmoja si jina wala si fundi peke yake. Alijua kilichomo ndani, kipuri kilipatikana, na mtu wa kukifunga alikuwa karibu. Ni kama mashine yetu ya kusaga. Tunaisifu kwa sababu ikigoma asubuhi, jioni inasaga. Ingekuwa ya dhahabu lakini kipuri hakuna, watoto wangelala njaa.

Taifa letu nalo limepita njia hii. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mahesabu ya Hazina yalivurugika na fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wazee waliopo hapa wanaukumbuka wakati ule. Marufuku ile ilikuja kulegezwa, na miaka ya 1990 zikaanza kuingia kwa wingi. Sisi tunajifunza hivi: ukinunua chombo usicho na mtu wa kukitawala, chombo hicho ndicho kitakachokutawala wewe. Hatutaki chama chetu kifike mahali pa kupiga marufuku mikopo hii kwa sababu ya uzembe wetu wenyewe.

Sasa tuje kwenye umeme, maana ndio unaoua kompyuta nyingi huku kwetu. Ya mezani kwa kazi za kawaida, pamoja na kioo chake, inakula kama wati 100. Ya kupakata inakula kama wati 30. Yuniti moja ya LUKU ni wati 1000 kwa saa moja. Kwa hiyo yuniti moja inaendesha ya mezani saa 10, na ya kupakata saa 33. Kwa wenye nyaya, tofauti hiyo inavumilika. Kwa wenzetu wa juani haivumiliki. Paneli ya wati 100, jua likiwaka vizuri saa 4, inaleta wati-saa 400 hivi, na nyingine zinapotea njiani. Ya mezani ikiwashwa saa 4 imezimaliza zote, taa hamna, simu hazichajiwi. Ya kupakata kwa saa hizo 4 inatumia 120 tu. Basi mwenye nyumba ya sola asibishane na mtu: achukue ya kupakata, lakini ahakikishe ramu yake na betri yake vinabadilishika.

Mwenye umeme wa nyaya anunue na kinga. Ipo stabilaiza, inayotuliza umeme unaopanda na kushuka. Ipo yupiesi, boksi lenye betri ndani, ambalo umeme ukikatika linakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Waya wa eathi uwe umefungwa kweli, siyo tundu tu la mapambo ukutani. Na radi ikianza kunguruma, chomoa. Hakuna jina la kampuni lililowahi kushindana na radi likashinda.

Jambo jingine ni umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kuanzia kizazi cha 8. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi zinaondoa mashine zao za zamani, na mashine hizo zinafika kwenye maduka yetu. Msikubali mtu awaambie "hii ni i5" kisha anyamaze. Tazameni namba inayofuata. i5-6500 ni kizazi cha 6. i5-8500 ni kizazi cha 8. i5-10400 ni kizazi cha 10. Hata i7 ya mwaka 2012 inashindwa mbio na i3 ya mwaka 2022. Herufi ile ni kama cheo, namba ndiyo umri.

Hatusemi kwamba ya kizazi cha 6 ni takataka. Inaweza kuwekewa Linux, mathalani Ubuntu, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, ambayo nayo ni ya bure. Mtoto atajifunza, na daftari la kahawa litaandikwa. Lakini bei iwe ya chini, na wewe ujue unachonunua. Aidha, muulizeni muuzaji habari za leseni. Mashine nyingi zenye jina zilizotoka kiwandani na Windows zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao wake. Ya kuundwa haina. Leseni inanunuliwa mbali, au fundi anaweka ya kunakili, na hiyo ya kunakili mara nyingi huja na virusi vyake.

Kwa hiyo basi, ushauri wetu ni huu. Nyumba yenye umeme wa nyaya, inayonunua kompyuta kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya masomo ya watoto na daftari la mahesabu, ichukue ya mezani yenye jina, kasha kubwa, iliyotumika ofisini, yenye pawa saplai ya kawaida. Ramu iwe 8, na diski iwe ya SSD, ile isiyozunguka, maana ni ya haraka na haiogopi kutikiswa. Nyumba ya sola ichukue ya kupakata. Na yule mwenye kazi maalum, anayejua kazi hiyo inataka nini, na ambaye fundi wake yuko karibu, huyo aundiwe, na asione haya. Atapata nguvu zaidi kwa fedha ileile, na kila kipande kitabadilishika.

Kwa watakaokopa fedha za chama, tunaomba mkutano upitishe masharti haya manne:

1. Mwombaji alete karatasi ya vipande. Iwe ya jina au ya fundi, iandikwe prosesa na namba yake yote, ramu, diski, na wati za pawa saplai, na muuzaji atie sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari.

2. Asiende peke yake. Aende na mwanachama mwingine, na ikiwezekana fundi. Mashine iwashwe palepale. Kama ni ya Windows, bonyezeni kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, mwandike dxdiag, halafu mbonyeze Enter. Itaonyesha prosesa na ramu. Vilinganisheni na karatasi. Kisha kasha lifunguliwe, pawa saplai ionekane kwa macho. Muuzaji akikataa kufungua, rudini na fedha yenu nyumbani; hakuna aliyekufa kwa kurudi na fedha.

3. Aje na risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, isiyopungua miezi mitatu kwa iliyotumika. Dhamana ya mdomo inakwisha mkitoka mlangoni.

4. Sehemu ya mkopo itolewe kwa ajili ya stabilaiza au yupiesi, wala isigeuzwe matumizi mengine. Kompyuta bila kinga ni sawa na kupanda miche ya kahawa bila kivuli wakati wa kiangazi.

Kijana mmoja aliuliza mkutanoni: kwa nini tusitumie simu tu, maana kila nyumba inayo? Ni swali zuri. Kwa kusoma habari na kutuma fedha, simu inatosha, na asiye na haja zaidi ya hiyo asikope. Lakini mtoto anayejifunza kuandika kurasa ishirini, na mzazi anayetaka kuweka mahesabu ya misimu mitano akayalinganisha, wanahitaji kibodi na kioo kipana. Kila mtu aitazame kazi kwanza, ndipo achague chombo.

Mwisho, tunarudi kwa mama yetu. Fundi wa senta ameitazama mashine yake. Kasha, kioo na kibodi ni vizima, ubao pia umepona. Kinachotakiwa ni pawa saplai, ramu na diski. Kwa kuwa iliundwa kwa kipimo cha kawaida, vipande hivyo vinapatikana, na gharama yake haifiki nusu ya mkopo alioanza nao. Sisi wa Kamati tunapendekeza kwamba deni lake lisimamishwe mpaka msimu ujao, na mfuko wa elimu wa chama ulipie vipande hivyo, kwa sababu fomu ile tuliipitisha sisi kwa mikono yetu. Asiyekubali aseme mkutanoni, asisemee kilabuni. Binti yake amemaliza kidato cha pili akiwa anaandika kwenye daftari la mistari, huku kompyuta iko chini ya kitanda anacholalia.

Wenye maombi yale 11 waje ofisini Jumamosi baada ya kupima kahawa. Fundi atakuwepo, na kompyuta moja iliyofunguliwa itakuwa mezani, ili kila mmoja aone kwa macho yake ni kipi ramu na ni kipi diski. Waje na watoto wao.



Ni sisi ndugu zenu,
Kamati ya Elimu ya Chama cha Ushirika